Bawaba mbovu ziko Wete, kompyuta ya Amani inasema nzima: vipuri vibovu vikae vipi kwenye programu ya stoo

Sisi tunatengeneza makabati, vitanda na milango, tuna karakana tatu, ya Amani hapa mjini Unguja, ya Kinyasini, na ya Wete kule Pemba, stoo tatu lakini programu moja. Mwaka jana tukapata oda ya makabati 50 ya chini ya sinki kwa hoteli moja ya pwani ya mashariki. Kila kabati milango miwili, kila mlango bawaba mbili, kwa hiyo bawaba 200, zile za ndani za springi zinazojifunga taratibu. Amani zilikua zimekwisha. Nikafungua programu nikaona Wete zipo 240, nikaandika hamisho la 200, kijana wa Wete akafunga maboksi, yakapanda gari mpaka Mkoani, yakaingia meli, yakashuka bandari ya Malindi hapa mjini, yakafika karakana. Fundi kufunga mlango wa tatu tu springi haishiki, mlango unabaki wazi. Tukazimwaga zote mezani tukazijaribu moja moja. 70 hazifai.

Nikampigia mzee wetu wa Wete, shikamoo mzee, hizi bawaba mbona ziko hivi? Akanambia, "Marahaba mwanangu. Hizo mie nshazitoa zamani, nkazirudisha kwenye maboksi yake nkaziweka mwisho wa rafu, zilikua themanini na saba." Anajua mpaka idadi. Alizijaribu, akazihesabu, akazitenga, na hio ilikua wiki mbili nyuma. Siku nilioandika hamisho yeye alikua kwenye maziko Konde, na kijana aliyefunga mzigo hakua na namna ya kujua kwamba boksi za mwisho wa rafu si sawa na za mbele, boksi ni zile zile.

Nimeifikiria sana siku ile na nataka kuieleza vizuri kwa sababu naona watu wengi wanaoanza kutumia programu za stoo wanaingia shimo hili hili, hasa ukiwa na sehemu zaidi ya moja. Mzee hakukosea. Kijana hakukosea. Programu nayo ilisema ilichoambiwa. Habari ya kwamba bawaba 87 ni mbovu ilikua ipo, ila ilikua kichwani mwa mtu mmoja kisiwa kimoja, na uamuzi wa kuzitumia ukafanywa na mtu mwengine kisiwa chengine, na katikati yao kulikua na kisanduku kimoja tu kinachosema "bawaba, Wete, 240".

Karakana moja hili halikusumbui. Kibovu unakitia ndooni chini ya meza, kila mtu anaiona ndoo, yamekwisha. Ukiwa na sehemu mbili tatu ndoo haionekani, anaeamua anaangalia skrini tu.

Sasa tuanze na hesabu yenyewe, maana hapa ndo penye fundo. Watu tunadhani stoo ina namba moja ya kila kitu. Zipo tatu. Kuna zilizopo, yani vitu vyote vilivyomo ndani ya nyumba, vizima na vibovu. Kuna zilizozuiwa, yani zipo lakini asiziguse mtu. Na kuna zinazotumika, ambayo ni ya kwanza ukitoa ya pili, na kama tayari kuna oda imeshazishika baadhi unatoa na hizo. Wete zilizopo zilikua 240, za kuzuiwa 87, za kutumika 153. Mie nilitakiwa nionyeshwe 153 nikaonyeshwa 240.

Na tabu haikomei kwenye kuhamisha. Programu nyingi unaziwekea kiwango cha chini, kwamba kitu kikifika hapo inakukumbusha kununua. Kinyasini tuliweka bawaba 50. Zilikuepo 60, programu imekaa kimya, kila kitu salama. Tulipokwenda kuzijaribu 26 zilikua mbovu, kwa hiyo nzima zilikua 34 na ukumbusho ulitakiwa uwe umetoka zamani. Kibovu kisichotajwa kinakudanganya mara mbili, kinakufanya uahidi usichokua nacho na kinakuzuia kununua unachohitaji.

Sasa watu wakishagundua hivi wanafanya nini? Nimeona njia tatu, na mbili kati ya hizo nimezifanya mwenyewe.

Ya kwanza ni kuvifuta pale pale. Kimeharibika, basi punguza 87, andika "zimeharibika", hesabu inakua sawa. Inakua sawa kweli kwa siku ile, lakini vile vitu bado vipo. Vipo kwenye boksi, vina thamani, pengine saplaya anatakiwa avirudishe, pengine nusu yake vinatengenezeka. Ukishavifuta kwenye programu havina mwenyewe tena, na baada ya mwezi atakuja mtu anahesabu stoo atakuta bawaba 87 za ziada atafurahi ataziingiza upya kama nzima. Hili limetokea kwetu, si kwa bawaba, kwa reli za droo.

Ya pili ni kufungua bidhaa mpya, unaipa jina "BAWABA MBOVU" na namba yake mbali, halafu unahamisha kutoka bidhaa hii kwenda ile. Inaonekana safi. Lakini umeshakata mnyororo, programu saivi inaamini hivi ni vitu viwili visivyojuana, bei ya kununulia inapotea au inakuja vibaya, historia ya saplaya inabaki kwa ile nzima, na ukizitengeneza zikapona inabidi uzirudishe tena kwa mkono. Bawaba mbovu ni bawaba ile ile, imebadilika hali tu.

Ya tatu ndo wanayoipenda wenye sehemu nyingi, kufungua stoo moja ya vibovu, tuseme ipo Amani, na vibovu vyote vya karakana zote vinaandikwa humo. Wazo zuri nusu. Tatizo lake kibovu cha Wete kinaandikwa kipo Amani na wakati kipo Wete, hakuna aliyekipeleka, nani alipe nauli ya kusafirisha bawaba mbovu kwa meli? Kwa hiyo kwenye kompyuta Amani kuna 87, ukenda kuhesabu Amani hakuna kitu, Wete kuna 87 ambazo kwenye kompyuta hazipo. Umeharibu hesabu za sehemu mbili kwa mpigo mmoja.

Jambo ambalo ilinichukua muda kulielewa ni kwamba kila kipuri kina maswali mawili yasiyohusiana: kiko wapi, na kiko hali gani. Kiko Wete, na ni kibovu. Kubadilika kwa hali kusiguse mahali, na kubadilika kwa mahali kusiguse hali. Ukiyashika haya mawili mbali mbali mengi yananyooka.

Programu zenyewe zinalishughulikia hili kwa njia tofauti. SAP ya Wajerumani, ambayo wanatumia viwanda vikubwa, stoki yake ina hali tatu hapo hapo ilipo: ya kutumika bila kizuizi, inayosubiri kukaguliwa, na iliyozuiwa. Kitu hakisogei rafu, kinabadilishwa hali, na kila badiliko lina namba yake, 344 kuzuia na 343 kufungulia, kwa hiyo baadae unaweza kuuliza nani aliyezuia na lini. Hizi nyepesi ambazo wengi wetu tunaziweza, ERPNext ya India na Odoo ya Ubelgiji, zaidi zinatumia mahali kuwakilisha hali, yani unafungua stoo ndogo au eneo linaloitwa vilivyozuiwa, na kitu kikiwa humo maana yake hakiguswi. ERPNext hata wakati wa kupokea mzigo inakuuliza ngapi umezikubali ngapi umezikataa na zilizokataliwa ziende stoo gani. Njia zote mbili zinafanya kazi. Ila ukitumia mahali kuwakilisha hali lazima kila karakana iwe na eneo lake la vilivyozuiwa, Amani lake, Kinyasini lake, Wete lake, lisiwe la pamoja, vyenginevyo unarudi kwenye ile tabu ya tatu. Na lisiwe ndani ya rafu ambayo programu inachukulia vitu vya oda, kwa sababu programu ikiruhusiwa kuchota kwenye rafu itachota na kwenye maeneo madogo yaliyo ndani yake.

Na kitu chengine cha Odoo, kuna kitufe cha kutupa, ukikibonyeza kitu kinahamia eneo la kubuni la taka, kinatoka kwenye stoki. Watu wanakipenda kwa sababu kiko karibu. Kile ni cha mwisho kabisa, baada ya kuamua. Siku ya kugundua huamui, siku ya kugundua unazuia tu.

Sasa swali ambalo kwangu mie ni zito kuliko yote: wenzake wako wapi?

Ukipata bawaba mbovu Wete, ile moja si tatizo lako, umeshaishika. Tatizo ni zile zilizokuja nazo kwenye mzigo mmoja. Sisi tulikuja kugundua, kwa kukaa na risiti sakafuni usiku mzima, kwamba mbovu zote zimetoka kwenye mzigo wa pili, bawaba 400 kutoka Kariakoo, ambazo tuligawa 180 Wete, 160 Amani, 60 Kinyasini. Zile 60 za mzigo wa zamani zilizokua Wete zilikua nzima zote. Za Kinyasini zilikua bado rafuni, tukaziwahi. Lakini zile 160 za Amani? Zilikua zimeshatumika. Makabati 40 yameshaondoka, yako majikoni na makoshoni mwa watu, na sisi hatukuandika popote bawaba za mzigo gani zimeingia kabati gani. Tukaenda kwa kukisia tarehe, nyumba kwa nyumba, hodi, samahani bibi tunaomba tujaribu milango ya kabati lako. Watu walitupokea vizuri lakini mie nilikua najisikia vibaya kila mlango ninaobisha.

Dawa yake ni namba ya bechi. Kila mzigo unaoingia upewe namba yake, iandikwe kwenye boksi, iingie kwenye programu, na inapotumika programu ijue bechi hii imeingia kwenye oda hii. Hapo ukipata ubovu Wete unauliza swali moja tu, bechi hii ipo wapi na wapi, na unapata jibu la karakana zote tatu na la wateja, na unaizuia kote kwa pamoja ndani ya dakika chache, hata nzima zake, mpaka zijaribiwe. Ndio, utazuia na nzima. Kuzifungulia baada ya kuzijaribu ni kazi ya nusu saa.

Mfano mkubwa wa hili wengi mnaukumbuka, simu ya Samsung ya Note 7 mwaka 2016. Ilitoka mwezi wa 8, betri zikaanza kushika moto, mwezi wa 9 wakaanza kurudisha simu kama milioni 2.5. Betri zilikua zinatoka kwa watengenezaji wawili, ubovu ulionekana kwa mmoja, kwa hiyo wakawabadilishia watu simu zenye betri za yule mwengine. Nazo zikashika moto. Mwezi wa 10 wakaacha kabisa kuitengeneza, na mwezi wa 1 mwaka 2017 wakaeleza kwamba betri za watengenezaji wawili zilikua na kasoro mbili tofauti. Wao walijua kila simu ina betri ya nani, ndo maana hata wakaweza kutenganisha na kuchunguza hivyo. Mie ninachokiona hapo ni kwamba kujua kitu kimetoka wapi kunakwambia pa kutafuta, lakini hakukwambii kwamba upande wa pili ni salama, upande wa pili nao unajaribiwa. Sie tulitaka kuziachia zile 60 za zamani bila kuzijaribu kwa sababu "ni za mzigo mwengine". Tukazijaribu.

Nirudi kwenye bahari kidogo, maana hili la visiwa lina jambo lake. Mzigo ukitoka Wete kuja Amani kuna masaa, pengine siku mbili tatu, hauko Wete wala hauko Amani. Programu nzuri inaupa mahali pake, njiani. Sasa mzigo wa 200 umefika, 130 nzima 70 mbovu. Tabia ya watu ni kupokea 130 tu na kuziacha 70 "mpaka tuelewane na Wete". Usifanye hivyo, zile 70 zitabaki baharini kwenye kompyuta miezi sita na wewe uko nazo mkononi. Pokea zote 200 kwa sababu zote zimefika, halafu 70 uziingize kwenye zilizozuiwa za Amani. Za nani, nani alipe, hilo ni jambo la baadae na lina njia yake.

Na ndo tufike hapo, kwa nani. Kila kilichozuiwa mwisho wake ni mmoja katika minne, kirudi kwa saplaya, kitengenezwe, kitumike kwenye kazi isiyohitaji ubora ule, au kitupwe. Baadhi ya bawaba zetu springi ilikua dhaifu tu, zilifaa kwenye vijumba vya mita na milango midogo yenye komeo lake. Viwango vya kimataifa vya ubora, ISO 9001 toleo la 2015, vina kifungu kizima, 8.7, cha mambo haya, kwamba kitu kisichokidhi kitambuliwe, kidhibitiwe, na ibaki kumbukumbu ya kilichoamuliwa na nani kaamua. Hilo la nani ndo muhimu kwa wenye sehemu nyingi. Kuzuia aweze mtu yeyote, fundi, kijana wa stoo, yeyote, bila kuomba ruhusa. Kufungulia na kutupa iwe kwa mtu mmoja au wawili tu wanaojulikana. Tukiweka kinyume chake, kuzuia kunataka saini, basi vitu havitazuiwa.

Halafu hasara. Tuseme bawaba moja shilingi 5,000, mbovu 87 ni 435,000. Zikiwa zimezuiwa ile pesa bado ni mali yako kwenye hesabu, imekaa pembeni tu. Zikirudi kwa saplaya inakua deni lake kwako. Zikitupwa ndo inakua hasara. Lakini hasara ya sehemu gani? Hapa ndo nilipoelewa kwa nini mzee alizirudisha kwenye boksi kimya kimya. Mwisho wa mwezi kila karakana tulikua tunaitolea ripoti ya vilivyoharibika, na Wete walikua wanaonekana wabaya, kwa sababu Wete wanajaribu kila kipuri kabla ya kufunga na sisi Amani tulikua hatujaribu. Aliyegundua ndo aliyehesabiwa mharibifu. Bawaba zilinunuliwa na Amani, zimetoka kiwandani mbovu, na doa lingekwenda Wete. Tulipobadilisha, ubovu wa kununuliwa ukaandikwa kwa aliyenunua na kwa bechi, na uliotokea kazini ukaandikwa kwa karakana, idadi ya vilivyozuiwa Wete ilipanda mwezi ule ule, na mie nilifurahi kuiona imepanda. Toyota wanajulikana kwa hili, mfanyakazi yeyote akiona kasoro anavuta kamba kuita msaada, na kama haikutatuliwa mstari mzima unasimama, na hapigiwi kelele. Ukoo wao ulianza na mitambo ya kufuma inayojisimamisha uzi ukikatika, kwa hiyo ni mambo ya zamani kwao. Mtu akijua kibovu kitakatwa kwenye mshahara wake hutakiona kwenye programu yoyote duniani, hata uinunue bei gani.

Sababu za ubovu weka chache. Sisi tunazo tano: imekuja mbovu, kutu, imevunjika njiani, imeharibika kazini, haijulikani. Kutu peke yake tumeipa nafasi kwa sababu ya hewa yetu hii ya chumvi, kitasa kinaweza kuingia kizima na baada ya miezi kikawa hakifai bila kuguswa na mtu, na hilo si kosa la saplaya wala la fundi, ni boksi limewekwa karibu na dirisha. "Haijulikani" iwepo, usipoiweka mtu atachagua ya uongo.

Intaneti ikikatika, na inakatika, kuna kibao chekundu cha karatasi ngumu, unaandika namba ya bidhaa, bechi, idadi, tarehe, unakifunga kwenye boksi, na boksi linahamia sehemu iliyopakwa rangi nyekundu sakafuni. Kompyuta itafata baadae. Kisiwe kinyume chake, kuzuia kwenye kompyuta huku boksi limebaki rafuni halina alama, maana kijana anafunga mzigo kwa macho yake, hafungi kwa kompyuta. Na kila kilichozuiwa kina umri, sisi kikipita siku 14 bila uamuzi kinanijia mimi kwenye simu kila asubuhi mpaka niamue.

Saplaya wa zile bawaba mwanzo alikataa, akasema si zake. Tukampelekea risiti ya mzigo, picha za stempu iliyo chini ya springi, hesabu ya karakana tatu, na za mzigo wa zamani tukaziweka mbali kuonyesha stempu yake haifanani. Akakubali kutulipa nusu kwa bidhaa. Makabati ya hoteli tulichelewesha siku tisa.

Leo asubuhi nilikua na hamisho la vitasa 30 kutoka Wete. Kabla gari haijaondoka kwenda Mkoani nikafungua programu nikakuta vitasa 12 vimezuiwa, sababu kutu, bechi imeandikwa, picha mbili za karibu, ameingiza mzee mwenyewe kwa simu yake saa moja na nusu. Hamisho nimelipunguza likawa 18, na 12 nimeagiza Darajani.